Nilishika Kamba kwa Mkono Wangu

Mlioniacha wiki jana juu ya paa la duka langu, na baba mkwe wangu, mzee wa Mitaboni, chini ameshika mbuzi akiniita nishuke, poleni kwa kungoja. Nilishuka. Nilishukia upande wa nyuma, suruali ikachanika kwenye msumari, mzee akachoka kuniita akaondoka na mbuzi wake. Ilikuwa mara ya tatu.

Kwa wewe unayelishika gazeti hili leo kwa mara ya kwanza, mimi ni Kaloki, fundi wa televisheni mjini Machakos. Mke wangu, Ndunge, alitoka kwangu mwezi wa tatu akiwa na mfuko mmoja wa nguo. Lakini kwetu Ukambani kutoka si kuachana. Mke hajaachika mpaka watu wa kwao wachukue mbuzi mmoja wa uzao wa wale uliowapelekea ulipomwoa, wamrudishe, nawe umpokee. Huyo tunamwita mbuzi wa ulee, yaani wa kukataa. Usipompokea, mwanamke ni wako, hata akikaa kwao mpaka aote mvi.

Basi mimi simpokei. Mara ya kwanza nilijifungia chooni. Mara ya pili nilijifunga bendeji mikono yote miwili, nikasema nimeungua na haishiki kitu. Mara ya tatu ndiyo hiyo ya paa. Kuna mama wa Nakuru ameniandikia kupitia kwa mhariri kwamba mimi ni mwanamume bure kabisa. Asante, mama. Wewe una mume nyumbani, niachie mimi vituko vyangu.

Jumamosi iliyofuata dada yangu alinijia dukani.

"Mwanaa mwaitu," Kavata akasema. Ndivyo tunavyoitana, mtoto wa mama yangu. "Funga duka. Leo nakupeleka kula."

"Wapi?"

"Kwa Shefu Batho."

Nilicheka mpaka bisibisi ikaniponyoka. Shefu Batho, ambaye kwa ubatizo ni Bartholomew, ndiye yule wa kofia ndefu nyeupe anayewafundisha wake za watu kupika kila Jumapili jioni kwenye televisheni. Wateja wangu walikuwa wakiniuliza jambo moja tu: itapona kabla ya saa ya Batho? Ndunge mwenyewe alikuwa hakosi kipindi hicho. Alikuwa akikaa kwenye kiti cha wateja, kidevu mkononi, humwambii kitu.

Mwaka ule Batho alikuwa amekumbuka kwao. Alifungua hoteli nje kidogo ya mji wetu, na wikendi magari ya Nairobi yalijaa mpaka barabarani.

"Nani amekualika wewe kwa Batho?" nikamwuliza.

"Si ukule tu, kaka? Maswali ni ya nini?"

Mtu aliyeshindia mkate na soda tangu mwezi wa tatu hana haja ya maswali. Nilifunga duka.

Jua lilikuwa kali, lakini Kavata alivaa sweta ya mikono mirefu. Mkono wake wa kulia ulivunjika mwaka uliotangulia na ukaunga vibaya. Mumewe, Justus, ni msimamizi wa machimbo ya mawe kule Lukenya. Justus alisema mkewe alianguka. Kavata naye alisema alianguka. Mimi ni nani niwabishie watu wawili wanaokubaliana?

Waliowahi kutazama kipindi cha Batho wanaujua mtindo wake. Huletewi karatasi ya vyakula. Unapelekwa nyuma ya jiko, unachagua mbuzi akiwa hai, unashika kamba mwenyewe, unamfikisha kwa mchinjaji. Mnakula mnachoweza, kinachobaki mnafungiwa. "Mjue unayemla," ndivyo anavyosema kila Jumapili akichekea kamera.

Kwa hiyo nilipopelekwa nyuma ya jiko sikushtuka. Nilikuwa nimeviona vyote kwenye kioo cha televisheni.

Alikuwepo mzee mmoja aliyevaa aproni nyeupe, amesimama na mbuzi wanne. Watatu walikuwa wamekonda, mbavu unazihesabu. Wa nne alikuwa amenona, tumbo linagusa magoti.

"Mzee, hawa watatu wametoka hospitali?" nikamwuliza.

"Nchi ni kavu, kijana."

"Basi lete huyo mnene."

Mzee alininyooshea kamba, lakini hakuiachia mara moja. Alinitazama machoni.

"Una uhakika unataka hii?"

"Mzee wangu, nimekuja kula, sikuja kuoa. Lete kamba."

Kavata alikohoa. Mzee akaiachia kamba. Nikamvuta mbuzi kwa mkono wangu mpaka kwa mchinjaji, nikampiga kofi la matako nikisema, "Kwaheri, bwana mkubwa." Wazee wawili walikuwa wameketi kwenye benchi kando ya pale, kofia magotini, wakanitazama kwa makini sana. Niliwasalimia, wakaitikia. Nilidhani nao ni wateja wanaongojea zamu.

Kwa muda mrefu sikuwa nimekaa na dada yangu kama tulivyokaa siku ile. Nyama ilipokuwa motoni tuliletewa supu, halafu muthokoi uliopikwa na mbaazi, mahindi laini mpaka yanateleza. Tuliongea mambo ya utoto. Kavata alinikumbusha siku tulipoiba asali ya baba nikavimba uso, naye akamwambia baba kwamba yeye ndiye aliyeiba, ili nisichapwe juu ya kuumwa na nyuki.

"Ulichapwa kweli siku ile," nikasema.

"Nilichapwa. Na wewe ulikuwa unachungulia dirishani ukilamba vidole."

Tulicheka mpaka watu wa meza nyingine wakageuka. Nilijisikia vizuri, siwezi kuwaficha. Ilikuwa kama mama yuko hai na sisi hatujawahi kuoa wala kuolewa.

Nyama ikaja juu ya ubao, nayo ngima, yaani ugali, ya moto na kachumbari. Batho hakukatii nyama. Anakupa kisu kimoja chenye mpini wa mti, kikali kama wembe, mjikatie wenyewe. Kavata alikishika kwa mkono wa kulia, kikamponyoka kwenye ubao. Alijaribu tena, kikamponyoka tena.

"Lete," nikamwambia. Nikamkatia vipande vidogo vidogo, nikamsogezea, kama mama alivyokuwa akitukatia.

Alivitazama vile vipande muda, macho yakamjaa maji.

"Pilipili," akasema.

Kachumbari haikuwa na pilipili. Sikuuliza. Nilikuwa na ubavu mdomoni, na ubavu ule, jamani, uliiva mpaka nyama inaachana na mfupa yenyewe.

"Huyu anayempikia Batho ni nani?" nikasema kwa sauti. "Ndunge angeletwa hapa ajifunze. Yule alikuwa anaunguza mpaka maji."

"Ndunge anajua kupika, kaka. Ni wewe ulikuwa unakula ukiangalia televisheni."

"Ah, wewe naye."

Akacheza na tonge. Kisha akasema polepole, "Kaka, na mimi nikitaka kurudi nyumbani?"

"Hayo tulishaongea. Ndoa ni kuvumilia."

"Huu mkono..."

"Kavata, tunakula."

Akauvuta mkono chini ya meza. Nikajiongezea ngima. Tulikula hivyo, mimi nikitafuna na yeye akinitazama, mpaka kivuli cha mwavuli wetu kikahamia meza ya jirani.

Hapo Shefu Batho mwenyewe akatoka jikoni na ile kofia, watu wakaanza kunong'ona, msichana mmoja wa Nairobi akatoa kamera. Alikuwa amebeba sahani iliyofunikwa. Akapita meza zote za wenye magari akaja mpaka kwangu.

"Umeshiba, Bwana Kaloki?"

Nilivimba kichwa. Batho wa televisheni ananijua kwa jina!

"Shefu, nimeshiba mpaka nimesahau shida zangu. Mpe mkono mpishi wako."

"Utampa mwenyewe," akasema, akafunua sahani.

Kilikuwa kichwa cha mbuzi. Sikio la kushoto lilikuwa na pengo kama jino lililong'oka, na chini ya pengo mkato mmoja mrefu.

Alama ile niliijua kabla sijajua kusoma. Baba yangu ndiyo aliyokuwa akiwakata mbuzi wake. Na mbuzi wa baba waliobaki, na uzao wao ambao bado ulikatwa alama ile, walikuwa katika boma moja tu duniani, Mitaboni, nilikowapeleka mwenyewe nilipomwoa Ndunge. Kule nyuma ya jiko nilitazama mapaja. Nani hutazama masikio ya chakula?

Niliisukuma sahani.

Yule mzee wa aproni akaja. Aproni sasa hana, ana koti na fimbo. Wale wawili wa benchi wakavuta viti wakaketi kando yake.

"Mimi naitwa Mulwa," akasema. "Baba ya Ndunge ni ndugu yangu mkubwa. Wakati wa harusi yako mimi nilikuwa kazini Mombasa, ndiyo maana hukunijua. Ndugu yangu amechoka kukufuata juu ya mabati. Kamba umeshika wewe mwenyewe. Nyama umekula wewe mwenyewe. Hawa wazee wameona."

Mlango wa jikoni ukafunguka. Ndunge akasimama pale, kitambaa cheupe kichwani, akipangusa mikono kwa aproni. Alikuwa amenenepa kidogo. Alikuwa amependeza, na hilo ndilo lililoniuma kuliko yote.

"Kaloki," akasema. "Leo sijaunguza maji?"

Msichana wa kamera akacheka, akidhani ni mchezo wa televisheni.

Batho akavua kofia yake. "Bwana Kaloki, mimi sitaki kuiba bibi ya mtu. Nataka kupeleka mbuzi zangu Mitaboni kwa heshima. Lakini hawawezi kupokea zangu kama wewe hujapokea yako."

Nilisimama, kiti kikaanguka. Sikumtazama Batho. Mwizi wa mke ni mwizi tu, unamjua. Nilimgeukia yule niliyemkatia nyama.

"Wewe! Mwanaa mwaitu! Wewe ndiye umenileta hapa kama mbuzi?"

Kikulacho ki nguoni mwako, na mimi nguo yenyewe nilikuwa nimeifulia sabuni. Ningeweza kuvumilia kuchekwa na Machakos nzima, lakini si na yeye.

Kavata hakuinuka. Alikunja mkono wa sweta polepole, wa kulia, mpaka juu ya kiwiko. Ule mvunjiko niliujua. Sikuzijua zile alama za kuchomwa kwa pasi, zimepangana mkononi kutoka juu mpaka chini, nyingine bado mbichi.

"Kaka, sikia," akasema. "Justus alipoleta ng'ombe zake, hazikulala kwetu hata usiku moja. Zilipita kwa mlango ya mama zikaenda Mitaboni kukuolea Ndunge. Mimi nikitaka kutoka kwa Justus, lazima ng'ombe zirudi kwake. Baba hayuko. Ni wewe unatakiwa kuzirudisha, na wewe uko na nini? Viti na televisheni za watu. Lakini Ndunge akiachika, Mitaboni watarudisha ng'ombe kwako, na wewe utarudisha kwa Justus. Mimi nitarudi nyumbani na watoto wangu."

"Ungeniambia!"

"Nilikuambia mara ngapi? Nikikuambia unasema tunakula."

Mtu akikukamata na maneno yako ya saa moja iliyopita, utajibu nini?

Mzee Mulwa akagonga fimbo chini. "Ngojeni. Nitasema kitu, na huyu shefu asikasirike. Mtu ameshika kamba bila kujua, mimi sihesabu ameshika. Nilikubali kuja hapa kwa sababu ndugu yangu alinisihi, lakini nikaona vile huyu kijana alikuwa anafurahi, roho ikanikataa. Kaloki, sasa unajua yote. Sema na mdomo yako mbele yetu. Sema nimepokea, tumalize kama watu. Ama sema sijapokea, na sisi tutarudi Mitaboni na aibu yetu."

Watu wa meza zote waligeuza viti watutazame. Jikoni mafuta yalidondokea makaa.

Nilimtazama Ndunge. Hakuwa akinisihi. Alikuwa akinitazama kama mtu anavyotazama saa. Batho alimwekea mkono begani, mkono laini wa mtu wa televisheni, naye hakuuondoa.

Kisha nikamtazama Kavata. Midomo yake ilikuwa ikicheza. Alikuwa ananitamkia neno bila sauti, kama tulipokuwa wadogo akininong'onezea jibu darasani. Nimepokea. Nimepokea. Sema, kaka.

Wasomaji, nyinyi mnaokunywa chai sasa hivi na gazeti mkononi, mnajua mngesema nini. Ningetaka niwaone mko pale, mmechekwa na wageni, ladha ya mbuzi wa baba yenu bado kwenye meno, mwanamume mwingine ameshika bega la mkeo. Nilikuwa na kitu kimoja tu kilichobaki ambacho Batho hawezi kukipika.

"Mbuzi alikuwa mtamu," nikasema. "Sijapokea."

Ndunge alitoa sauti kama mtu aliyeguswa na moto, akarudi jikoni. Batho akatukana kwa Kiingereza. Mzee Mulwa aliinama, akakifunika kile kichwa, akasema, "Sawa. Mwanamume amesema." Hakunitazama tena.

Kavata hakulia. Alikunjua mkono wa sweta mpaka kwenye kiganja. Kisha akaanza kukusanya nyama iliyobaki kwa mkono wa kushoto, kipande kimoja kimoja, akiweka kwenye karatasi.

"Ni za watoto," akaniambia, kama ninayetaka kumkataza.

Nilitoka. Nilitembea kati ya magari ya Nairobi, na nitasema kweli, sehemu moja ya roho yangu ilikuwa ikiimba. Nimewashinda! Mara ya nne!

Sijafika barabarani, lori la mawe likaingia kwa vumbi likasimama mbele yangu. Justus akaruka chini. Alikuwa na vumbi la Lukenya mpaka kwenye kope, na mkanda wake haukuwa kiunoni. Ulikuwa mkononi.

"Shemeji," akasema, akihema. "Kavata aliniambia anaenda kliniki ya mkono. Nimepita kliniki, hayuko. Kijana wangu mmoja ameniambia alimwona kwa gari ya huyu mpishi juzi. Wewe umemwona?"

Nilimtazama yule mkanda. Kupitia uwazi wa ua nilimwona Kavata, mgongo kwetu, bado anafunga nyama.

Neno moja lilitosha. Ningesema, "Nimetoka naye, ameshaelekea nyumbani," lori lingegeuka, na Kavata angepata muda wa kwenda popote.

Lakini hesabu ya ng'ombe wale ilikuwa imenikaa kichwani. Kavata akitoroka leo, Justus kesho yuko kwangu anadai mifugo yake, baraza litaitwa, na baraza litanilazimisha nimwachie Ndunge ili ng'ombe warudi. Kavata akibaki kwa Justus, hakuna ng'ombe anayetikisika. Kila mke anabaki kwa mumewe.

Na moyo wangu ulikuwa unauma. Na aliyeuumiza alikuwa amekaa pale.

Nilipangusa mafuta mdomoni.

"Yuko ndani," nikasema. "Meza ya mwisho, karibu na jiko. Ingia, shemeji, chakula bado kipo."

Hakunishukuru. Alipita akiuzungusha mkanda kwenye ngumi. Nilimtazama mpaka akaingia kwenye ua, watu wakimpisha, na Kavata bado hajageuka.

Ndipo nikajipapasa mfukoni kutafuta kitambaa cha mkono, nikakumbuka nimekiacha mezani, na kando yake kile kisu cha mpini wa mti nilichomkatia nyama.

Kisu nilikuwa nimekiweka upande wa mkono wake mzima, wa kushoto.